Tunapanda makala, hatupalilii

Wandugu, leo siwaletei mada mpya. Naomba turudi nyuma, kwenye zile makala ambazo tayari tuliziweka hapa, tukapigiwa dole gumba, tukaenda kulala. Nimekaa majuma mawili nikizisoma tena moja moja, kuanzia zile za kitambo. Zangu na zenu. Mtanisamehe kama nitagusa mtu. Nitaanza na mimi mwenyewe, ili pasitokee wa kusema huyu anaona kibanzi mu jicho la mwenzake tu.

Mwaka wa 2019, nikiwa bado mwanafunzi, niliandika makala kuhusu mnyauko wa ndizi. Wale wa Kivu mnaujua bila kuelezwa: majani yanakuwa njano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya siku zake na ndani zimeoza, ukikata mgomba unaona usaha wa njano unatoka polepole. Kwa Kinyarwanda wanauita kirabiranya. Wataalamu waliuelezea kwanza Ethiopia, mwaka wa 1968, kwenye ensete, mmea ambao ni jamaa ya ndizi. Mwaka wa 2001 ulionekana Uganda, na muda mfupi baadaye ulikuwa Masisi, kisha ukateremka mpaka kwetu kusini.

Ile makala ilipendwa sana. Watu waliituma huku na huku, na mimi nikajiona tayari ni profesa. Niliandika kwa sauti ya mtu aliyefaulu mtihani juzi: ukiona mgomba mmoja unaumwa, ng'oa shina lote, mama na watoto na wajukuu, na yale mashina ya jirani pia usiyaonee huruma, fukia yote. Hayo niliyatoa mu daftari langu la masomo, nalo lilikuwa limenakiliwa kutoka daftari la aliyesoma mbele yangu. Ndiyo yalikuwa mashauri ya miaka ya kwanza ya ugonjwa, wakati kila mtu alikuwa anaogopa na hakuna aliyejua vizuri bakteria inatembeaje.

Shida ni kwamba nilipoandika, shauri lilikuwa tayari limebadilika. Watafiti wa Bioversity pamoja na wenzao wa hapa walifanya majaribio mu Kivu yenyewe, mu mashamba ya watu, wakaona kwamba bakteria haienei lazima kwenye shina lote. Mgomba mmoja unaweza kufa na ndugu zake wa shina lile lile wakabaki wazima na kuzaa. Kwa hiyo unakata ule mgonjwa peke yake, sawasawa na udongo, mara tu unapoona dalili. Unapita shambani kila juma bila kuchoka, na kila mgonjwa mpya unamkata. Mupanga uliokata mgonjwa haugusi mzima kabla ya kuupitisha kwenye moto. Na lile ua dume linaloning'inia chini ya mkungu unalivunja kwa kijiti chenye panda, si kwa mupanga, mara tu kichana cha mwisho kikishatokea, juu wadudu wanaofuata utomvu wa lile ua ndio wanabeba ugonjwa toka shamba hadi shamba.

Kung'oa shina lote si uongo, tusikosane. Kunaua ugonjwa, na mahali ambapo umeingia kwenye mashina mawili matatu tu bado kuna sababu ya kufanya hivyo. Lakini ni kazi ya kuvunja mgongo, inahitaji vijana wenye nguvu, na familia inabaki bila ndizi. Ndiyo maana watu wengi walikuwa wanasikia lile shauri na kukaa kimya, wakiacha mgomba usimame na kuambukiza mingine. Lile shauri jipya, hata mama mjane anaweza kulifuata na mupanga wake na kijiti chake. Tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe, na makala yangu haikuwa nayo.

Sasa mnisikilize vizuri, juu hapa ndipo aibu yangu iko. Mwaka wa 2021 niliirudilia ile makala. Ndiyo, niliirudilia! Nilikuwa nimesoma kwamba mwaka wa 2020 wataalamu walihamisha ile bakteria kwenye jamii nyingine: iliyoitwa Xanthomonas campestris sasa inaitwa Xanthomonas vasicola. Nikafungua makala, nikabadilisha lile jina la Kilatini, nikarekebisha nukta na vituo, nikaweka picha nzuri zaidi, nikaandika juu kabisa «IMEBORESHWA». Sentensi ya kung'oa shina lote niliipita kama mtu anayepita jirani yake bila salamu. Sikuiona. Nilikuwa natafuta kitu cha kunionyesha kwamba ninajua mapya, sikuwa natafuta kitu ambacho mkulima angekifanya kesho asubuhi baada ya kunisoma.

Mwaka wa 2023 nilifika kijiji kimoja cha Kabare kwa kazi ya maharagwe ya kupanda juu ya miti. Tulipomaliza, mushamuka mmoja mwenye umri kama wa babu yangu akanivuta pembeni. Akatoa karatasi ya fotokopi iliyokunjwa ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Nilijua kichwa chake kabla hajaifungua yote. Ilikuwa makala yangu. Bila jina langu, bila mwaka, maneno matupu, vile mtu anavyonakili kwenye WhatsApp na kubandika.

«Bwana Agronomu, mutoto wangu alitoaka hii mu simu,» akaniambia. «Inasema tung'oe yote. Tuling'oaka yote.»

«Mzee, migomba migonjwa ilikuwa mingapi?»

«Kenda.»

«Na shamba lote?»

«Ilipita mia moja. Tuliweka vijana wane, juma mbili nzima.» Akaangalia lile shamba, ambalo sasa lilikuwa na mihogo midogo na magugu. «Sasa ndizi tunanunua ku soko. Miye, kununua ndizi!»

Wale mnaotoka vijijini mnajua ndizi ni nini mu nyumba ya mtu. Ni chakula, ni kasiksi ya kupokea wageni na ya kuuza, ni minerval ya watoto wakati mwalimu anawafukuza. Ukishang'oa kwa sababu ya mnyauko, unashauriwa kungoja karibu miezi sita kabla ya kupanda ndizi tena pale pale, halafu ungojee tena mwaka au zaidi mpaka mkungu wa kwanza. Hesabuni wenyewe. Migomba tisa ilikuwa inaumwa.

Siku ile sikumwambia kwamba ni mimi niliyeandika. Nilimwelezea njia ya kukata mgonjwa peke yake, kwa ajili ya vile vitoto vitatu alivyokuwa amepanda pembeni ya nyumba, nikapanda pikipiki, nikarudi mjini. Nilirudi kwake baada ya majuma mawili na nikamwambia. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: «Na ile karatasi yenye kuwa ya kweli, utaileta siku gani?»

Tangu siku hiyo siwezi kusoma ukurasa wetu kama zamani. Naangalia kila makala na kujiuliza iko mu kitabu cha nyimbo cha nani.

Na nilichokiona katika haya majuma mawili, niseme bila kupaka mafuta: hatuna desturi ya kurudi. Tunajua kuzaa tu. Kuna makala zetu nyingi ambazo zinamalizika na neno «Itaendelea», na sehemu ya pili haijawahi kuonekana duniani. (Mimi nina mbili za namna hiyo.) Kuna zinazosema «bonyeza hapa usome ripoti yote», unabonyeza, hapafunguki kitu, na mwandishi hakutaja hata jina la ripoti wala mwaka wake ili mtu aitafute kwa njia nyingine. Kuna moja ya jiografia, imeandikwa vizuri kabisa, lakini bado inahesabu majimbo 11 ya nchi wakati toka 2015 tuko na 26. Mwanafunzi wa Kalemie anayesoma pale kwamba yeye ni mtu wa Katanga atacheka na kufunga. Na ile ya kuwaelekeza wanaomaliza sekondari, yenye kueleza miaka mitatu ya graduat na miwili ya licence, bado inazunguka kana kwamba LMD haijaingia. Kijana anaisoma, anapanga maisha yake juu yake, anafika kwenye ofisi ya maandikisho na kuambiwa vitu vingine kabisa.

Hizo ni ndogo. Kubwa zaidi ni zile zinazogusa pesa na dawa.

Chukueni ile makala ya kilimo cha tomato ya mwanzo wa 2016, ambayo nadhani ndiyo imesomwa kuliko zote za idara yetu. Mwandishi alifanya kazi safi: mbegu, kitalu, mbolea, nafasi kati ya mistari, yote iko. Mwishoni anasema kwamba ukiwa na franka 500,000 unaweza kuanza. Wakati ule dola moja ilikuwa karibu franka 930, kwa hiyo alikuwa anazungumzia dola 540 hivi. Mwaka wa 2018 dola ilikuwa karibu franka 1,600: zile zile 500,000 zilikuwa zimebaki kama dola 310. Mwaka wa 2024 ilifika karibu 2,800, na laki tano ilikuwa haifiki hata dola 180. Mbegu nzuri na dawa zinatoka nje, zinahesabiwa kwa dola. Kwa hiyo kijana aliyekusanya laki tano mwaka wa 2024, kidogo kidogo, akiamini makala yetu, alianza na theluthi moja ya mtaji aliotakiwa kuwa nao. Atafika katikati ya msimu, bila dawa ya ukungu, mvua inanyesha, na tomato zinaoza mbele yake. Halafu atasema kilimo hakilipi. Hatasema makala ilizeeka, juu hakuna kitu ndani yake kilichomwambia kwamba ilikuwa na umri.

Mwandishi hakukosea mwaka wa 2016. Ni hapo ndipo watu wengi wanachanganyikiwa tukizungumza jambo hili. Wanafikiri kurekebisha ni kukubali kwamba ulidanganya. Bei ilikuwa ya kweli siku ile. Ni franka iliyoondoka, makala ikabaki imesimama pale pale.

Mfano wa pili ni wa viwavijeshi, na huu unanisumbua zaidi, juu hapa hata neno lenyewe lilihama. Kuna makala ya 2015 inayoeleza viwavijeshi: wanakuja kwa wingi mara moja, wanakula majani wazi wazi, unapuliza dawa juu ya shamba lote. Mwandishi alikuwa anamsema kiwavijeshi wa Afrika tuliyemjua siku zote, Spodoptera exempta. Mwanzo wa 2016 akaonekana Afrika Magharibi mgeni kutoka Amerika, Spodoptera frugiperda, na kufika 2018 alikuwa karibu kila nchi kusini mwa Sahara, pamoja na kwetu. Watu wakamwita jina lile lile, viwavijeshi, wengine wakaongeza «vamizi». Lakini tabia yake ni nyingine. Anajificha ndani ya koo la mhindi, kule majani yanapochomoka, na uchafu wake unamfunika kama kizibo. Ukipuliza juu juu, dawa inabaki kwenye majani na yeye anaendelea kula kule ndani. Unatakiwa kumwahi akiwa bado mdogo, asubuhi sana au jioni, na dawa ielekezwe kwenye lile koo.

Sasa mkulima, au mtoto wake, anaandika «viwavijeshi» mu simu mwaka huu. Anapata makala yetu ya 2015. Kila neno lililomo ni la kweli, kwa mdudu mwingine. Ananunua dawa, anapuliza shamba lote, anavuta ile sumu, pesa imeenda, na mdudu yuko salama. Ingetosha sentensi mbili juu kabisa: «Makala hii inamhusu kiwavijeshi wa zamani. Kama mdudu wako anajificha ndani ya koo la mhindi, huyo ni mwingine, usifuate haya.» Sentensi mbili! Hata dakika tano hazifiki.

Badala ya hayo, tunafanya nini tukiona wasomaji wamepungua? Tunapaka rangi. Tunachukua makala ya zamani, tunabadilisha picha, tunaandika «MPYA» kwa herufi kubwa na vimoto vitatu, tunairusha tena. Nimehesabu hilo mara nyingi mno hapa, na nimeshasema kwamba mimi mwenyewe nilifanya la «IMEBORESHWA» kwa kubadilisha jina la Kilatini. Nafikiri hiyo ni mbaya kuliko kuacha makala izeeke kimya kimya. Makala ya zamani yenye tarehe ya zamani, msomaji mwenye akili ataiogopa kidogo. Ukiibandika tarehe ya leo bila kuisoma, umemwondolea ile hofu yake nzuri. Ni kama kuuza mbegu za miaka minne iliyopita mu mfuko mpya. Mkulima atagundua, lakini baada ya kupanda.

Na kuna ugonjwa wa upande wa pili: kufuta. Mwenzetu mmoja, baada ya kuambiwa kwamba makala yake ilikuwa na kosa la kipimo cha mbolea, aliifuta usiku, asubuhi haipo. Hakusema neno. Ninamwelewa, aibu ni kitu kizito, na mimi karibu nifanye hivyo hivyo na ile ya mnyauko. Lakini kufuta hapa hakufuti kule. Nakala ziko mu vikundi vya WhatsApp, ziko kwenye fotokopi, ziko kwa yule mushamuka. Ukishafuta ya kwanza, umeondoa mahali pekee ambapo mtu mwenye nakala mbovu angeweza kuja kuuliza na kukuta jibu. Msomaji wake mmoja aliniuliza mimi: «Ile makala iko wapi? Nilitaka kuona tena kile kipimo.» Alikuwa anataka kukitumia, unaona.

Wengi wenu mmewahi kufungua Wikipedia ya Kiswahili, ambayo ilianza mwaka wa 2003. Makala fupi ambayo bado haijakamilika wanaiita «mbegu». Mimi kama mtu wa kilimo nililipenda sana hilo neno: linakubali wazi kwamba kitu hiki hakijakomaa, na linamkaribisha mwingine aongeze. Nyingi zimebaki mbegu miaka na miaka, ni kweli, mbegu zisizo na mvua. Lakini kila makala pale ina ukurasa wa historia, na unaona nani alibadilisha nini, siku gani, na ilikuwaje kabla. Kosa lililorekebishwa halipotei, linabaki limeandikwa pembeni, na hakuna anayemcheka aliyerekebisha. Sisi hatuhitaji mitambo yao. Tunahitaji ile tabia tu, ya kutoogopa kuonyesha kwamba jana tulisema hivi na leo tunasema vile.

Najua mtakachosema, juu nilishaambiwa na watu wawili niliowaonyesha maneno haya kabla. Wa kwanza alisema: mtu aangalie tarehe mwenyewe, ni mtu mzima. Ningekubali kama tarehe ingekuwa inasafiri. Haisafiri. Tarehe iko kwenye ukurasa, na watu wananakili maandishi tu. Toka pale nimejifunza kuweka mwaka ndani ya sentensi ya kwanza ya makala, si juu yake: «Katika msimu huu wa 2024...» Ukiiweka hivyo, anayenakili anabeba na umri wake bila kujua. Vivyo hivyo na bei: usiandike «mfuko ni franka elfu kadhaa», andika bei, mwezi, mwaka, na dola siku hiyo ilikuwa ngapi. Msomaji wa baadaye atapiga hesabu yake mwenyewe.

Wa pili alisema kitu kigumu zaidi. «Tunaandika bure. Megabaiti tunanunua wenyewe. Umeme unakuja usiku wa manane. Sasa unataka na kuchunga makala za miaka kumi?» Hapo sina jibu la kutosha. Ni kweli hakuna anayetulipa, na wengi wetu bado tunatafuta kazi na barua za maombi mkononi. Kwa hiyo siombi kila kitu. Makala ya kumshukuru mwalimu aliyestaafu, iacheni izeeke kwa heshima. Hadithi ya siku ya kutetea kazi ya mwisho, mtu alivyotetemeka mpaka akasahau jina lake, hiyo haiharibiki kamwe, na nimeicheka tena juma hili. Jina la Kilatini pia linaweza kungoja. Lakini makala yoyote inayomfanya mtu atoe pesa, anywe au apulize dawa, ashike jembe au mupanga, au achague masomo, hiyo ina deni. Nilipozihesabu zangu za namna hiyo zilikuwa saba tu. Mwenye nyingi kati yetu sidhani anapita kumi na tano. Moja kwa mwezi, ndani ya mwaka mmoja na nusu tumemaliza wote.

Nieleze basi nilivyofanya na ile ya mnyauko, si kwa sababu nimefanya vizuri kuliko wengine, lakini ili tuwe na kitu cha kubishania. Juu kabisa, ndani ya maandishi, niliweka: «Makala hii niliiandika 2019 nikishauri kung'oa shina lote na la jirani. Shauri hilo nimeliondoa mwaka wa 2023. Kama una nakala yenye maneno hayo, usiifuate.» Lile shauri la zamani sikulificha, nililiacha chini, na maelezo kwa nini lilikuwepo na kwa nini limebadilika, ili mwenye fotokopi akilinganisha aone kwamba ni makala ile ile na si mabishano ya watu wawili. Halafu nikatafuta maswali yote niliyowahi kuulizwa juu yake. Watu wanne, kwa nyakati tofauti, walikuwa wameniuliza jambo moja: dawa ya kusafisha mupanga ni kiasi gani, na wasio na pesa ya kuinunua wafanye nini? Nilikuwa nimewajibu kila mmoja peke yake, kwa upole, mara nne, na sikuwahi kufikiri kwamba swali likirudi mara nne kosa liko mu makala. Niliongeza ule moto: unapitisha mupanga kwenye ndimi za moto mpaka uwe hauwezi kushikika, basi. Kila nyumba ina moto.

Niliondoa pia aya nzima ya mwanzo, ile ya «katika ulimwengu wetu wa leo kilimo ni uti wa mgongo wa taifa». Mnaijua. Karibu kila makala yetu ya kilimo inaanza nayo, kama sala ya kufungua mkutano. Mkulima anayesoma kwa simu ya mtoto, na megabaiti zinahesabika, anaisoma yote kabla ya kufika kwenye mgomba wake.

Mtaniuliza kama ilileta wasomaji. Dole gumba zilikuwa chache kuliko za 2019, sitadanganya. Kusema «nilikosea» hakushangiliwi kama kusema «fahamu siri tano». Lakini watu walianza kuniandikia kitu kingine: picha za migomba yao, na swali «huyu ni mgonjwa au ni njaa ya udongo tu?». Mwalimu mmoja wa Walungu aliniambia kwamba zamani alikuwa akitusoma kama mtu anayesikiliza redio akiwa anapika, na sasa anarudi kuangalia kama kuna kilichobadilika. Hao ni wasomaji wa namna ambayo mimi namtaka. Picha za vimoto haziwaleti.

Yule mushamuka nilimpelekea karatasi mpya, iliyochapwa, na mwaka ndani ya sentensi ya kwanza. Ile ya zamani hakuitupa. Aliziweka zote mbili mu kitabu cha nyimbo, akasema atamwonyesha mtoto wake ni ipi ya kwanza na ni ipi ya pili.

Zimebaki sita zangu. Ile ya sungura ndiyo inafuata, juu ina bei za chanjo ambazo hata mimi sizielewi tena. Ya tomato, mwandishi wake tumeongea, amekubali tuiangalie pamoja Jumamosi ijayo. Mwenye bei za mbegu za mwezi huu za Bukavu au Uvira atuletee. Ile ya viwavijeshi ya 2015 ndiyo inanipa shida. Mwandishi alihamia Kinshasa, namba yake ya zamani haipatikani, na sipendi kugusa kazi ya mkubwa wangu bila ruhusa yake. Mwenye namba yake mpya amwambie kwamba tunamtafuta, na kwamba mahindi ya msimu huu yanaanza kupandwa Septemba.